Nusu ya Maneno ya Mwaija

Mzee Mikdad alimwona yule binti tangu alipoteremka kwenye bodaboda kule barabarani, lakini aliendelea kuchambua maotea yake ya mananasi, yale machipukizi ya kupanda, kana kwamba hakuona mtu. Makubwa kulia, madogo kushoto, yaliyooza nyuma ya mgongo, ya mbuzi. Mtu anayeteremka Zinga na faili la plastiki kifuani hakufuata mananasi. Ana jina la mtu ndani ya faili, na jina likishaingia kwenye faili la wakubwa, mwenye jina ajiandae.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pita ndani ya uzio, hilo dume la mbuzi halina neno."

"Asante. Habari za hapa?"

"Njema."

"Na afya je, huduma za hospitali, mnaendeleaje?"

"Njema, alhamdulillahi. Kaa kitako."

Binti akavuta kigoda akakaa. Alikuwa na viatu vya mjini vilivyojaa vumbi jekundu na jasho puani. Kalamu yake ikagusa karatasi kidogo, ikatoka. Mikdad aliiona. Akadhani anaandika tarehe, maana watu wa aina hii hawakai mahali bila kuandika tarehe.

"Naitwa Vaileth," alisema. "Natoka chuo kimoja Dar. Namtafuta Mzee Mikdad, aliyekuwa akiishi Kwa Dilunga, kule upande wa Mkange. Mume wa marehemu Mwaija."

Mkono wa mzee ukasimama na otea moja hewani.

Miaka saba alikuwa mgane. Baada ya kumzika Mwaija aliifunga nyumba ya Kwa Dilunga kwa kufuli, akahamia Zinga kwa dada yake, ambaye sasa naye ni marehemu, akapewa chumba cha uani na robo eka ya kupanda. Kwa miaka hiyo yote hakuna mgeni aliyekuja na jina la Mwaija mdomoni. Sasa linakuja na faili.

"Barua ya utambulisho unayo?"

Anayo. Aliitoa, ina muhuri wa chuo, ina muhuri wa mtendaji. Mikdad aliishika mbali na macho, akaigeuza, akaitazama mgongoni kama anayetazama samaki sokoni.

"Muhuri hata mimi nachonga kwa kiazi," alisema. "Yasmini! Njoo usome hapa."

Yasmini, mtoto wa dada yake, alikuwa jikoni akikuna nazi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, sasa akishona nguo za watu pale barazani, na ndiye aliyekuwa macho ya mjomba wake kwa kila karatasi, kwa kuwa mzee mwenyewe aliishia darasa la nne na chuo cha Kurani. Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Usishangae dada," alimwambia mgeni. "Mjomba huyu alikwenda kung'olewa jino, akamwambia daktari wa meno atoe barua ya utambulisho."

"Na hakuwa nayo," alisema Mikdad. "Akaning'oa zima. Soma."

Yasmini akasoma. Barua ilisema kweli anatoka chuoni, na kwamba amekuja kwa shughuli ya kupima athari za machapisho ya Dokta Wilbrodi, mtafiti wa sera za uchumi na jamii.

"Athari," alisema Mikdad. "Kafanya ajali?"

"Hapana baba." Vaileth alicheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki. "Ni hivi. Dokta Wilbrodi anaombewa uprofesa. Chuo hakimpi mtu uprofesa hivi hivi, lazima waone kazi zake zimefika wapi. Kwa hiyo tunahesabu. Msomi mwingine akiandika kitabu chake, akasema humo 'kama alivyoeleza Dokta Wilbrodi', hiyo ni nukuu moja. Mwingine Nairobi, ya pili. Mwingine Ulaya, ya tatu. Anayo kazi moja, aliifanya miaka tisa iliyopita, juu ya umbali wa kwenda kutibiwa katika vijiji vya pwani. Hiyo peke yake imetajwa mara mia nne na kumi na mbili."

"Mara mia nne."

"Na kumi na mbili. Ni nyingi sana baba. Kuna maprofesa hawana hamsini."

Mikdad alilitua lile otea upande wa makubwa, ingawa lilikuwa dogo.

"Na akitajwa kwa kuambiwa kakosea? Inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

"Na mtu akimtaja bila kuisoma hiyo kazi yake?"

Hapo binti alitazama viatu vyake. "Wapo wengi baba. Wananukuu walichonukuu wenzao."

"Sisi chuoni kwetu," alisema mzee, "maalimu alikuwa akitufundisha hadithi za Mtume. Fulani kapokea kwa fulani, fulani kapokea kwa fulani, mpaka unafika kwa yule aliyesikia kwa masikio yake. Hatukuuliza waliosimulia ni wangapi. Tulimwuliza wa kwanza: wewe ulikuwepo? Ulisikia yote? Wewe ni mkweli? Wa kwanza akiwa na kasoro, hao elfu wa nyuma yake ni elfu ya kasoro."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Vaileth haraka, kama aliyefunguliwa mlango. "Safari hii chuo kimesema kuhesabu hakutoshi. Wanataka ushahidi wa kule kule kazi ilikofanyika. Katika hiyo kazi mliitwa kaya, kila nyumba na nambari yake. Nyumba yako ni kaya nambari kumi na saba. Kwa kuwa aliyehojiwa ni marehemu, mkuu wa kaya ndiye anayeshuhudia. Unasikiliza maneno yaliyoandikwa, unasema utafiti umeleta nini, unatia sahihi. Basi."

Neno "basi" likamkaa vibaya Mikdad. Alilisikia mara nyingi midomoni mwa watu wenye kalamu.

"Mwaija alihojiwa?"

"Ndiyo. Maneno yake ndiyo yananukuliwa kuliko yote."

"Yasome."

Vaileth alifungua faili akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Alisoma taratibu, kwa sauti ya kanisani, sauti ya mtu anayesoma maneno ya marehemu mbele ya wafiwa:

"Mwanamke, miaka thelathini na tisa, kaya ya kumi na saba: 'Huduma ni njema. Na hata zahanati isipokuwepo, Miono si mbali, tunakwenda tu.'"

Mbuzi alitafuna maotea yaliyooza. Yasmini alimtazama mjomba wake, akaacha kujifuta mikono.

Lazima nisimulie kidogo hapa, maana bila hivyo mtu ataona mzee mmoja kashtuka kwa maneno matamu.

Kwa Dilunga ilikuwa na zahanati ya vyumba viwili. Bati lake lilivuja, lakini nesi alikuwepo, na kabati la nesi lilikuwa na sindano ya pumu. Mwaija alikuwa na pumu tangu utoto. Ikimbana, Mikdad alimpakia kwenye baiskeli, na kabla mtu hajamaliza kusoma Yasini wameshafika, nesi kashachoma, Mwaija anakaa kwenye benchi anacheka kwa sauti ya filimbi. Kisha ukaja mwaka wakubwa wakaitisha mkutano. Siku hizi wakubwa hawafungi kitu. Wanaunganisha. Walisema zahanati inaunganishwa na ile kubwa ya Miono, nesi atahamia kule, na kabati vilevile. Watu wakanung'unika: Miono ni saa mbili kwa baiskeli na kuna kijito katikati, masika kinajaa mpaka shingoni. Yule bwana wa mbele akainua karatasi. Akasema, utafiti wa kitaalamu umeonyesha kuwa wananchi wa hapa hawana tatizo na umbali. Akasoma: Miono si mbali, tunakwenda tu. Akasema, haya ni maneno ya mmoja wenu, sikuyatunga mimi.

Mikdad siku ile alisimama. Alikuwa na sauti wakati ule. Alisema mbele ya watu wote, wake kwa waume: "Aliyesema hivyo katuuza. Popote alipo, Mungu amwonyeshe huo ukaribu wa Miono kwa macho yake."

Watu wakaitikia amina.

Mwaija alikuwa amekaa na wanawake wenzake, upande wa kushoto. Mumewe alimtazama apate kuungwa mkono, akamwona ameinamisha kichwa, anafunga fundo pembe ya kanga yake, anafungua, anafunga tena. Akadhani ni aibu ya mke ambaye mumewe anapayuka mkutanoni.

Masika ya mwaka wa pili yake pumu ilimbana alfajiri. Walifika kwenye kijito, maji yamejaa. Ng'ambo ya pili palikuwa na njia, na njia ile ilikwenda Miono. Mwaija aliitazama akiwa ameegemea gurudumu la baiskeli, na kabla jua halijapanda vizuri alikuwa amekufa.

Tangu hapo Mikdad alikuwa na mtu wa kumchukia. Hakumjua jina, hakumjua sura, lakini alimjua maneno. Aliyesema Miono si mbali. Katika wanaume wa Kwa Dilunga alishuku watano, akaacha kuwasalimia wawili. Na wale wakubwa aliwachukia kwa pamoja, jumla jumla, kama mtu anavyochukia siafu.

Sasa unaona ni kitu gani kilichosomwa pale uani.

"Rudia," alisema.

Vaileth akarudia.

"Huo ni uongo. Mmeutia kinywani mwake kwa kuwa hawezi kujibu."

"Baba, sauti ilirekodiwa. Mimi mwenyewe nimeisikia wiki iliyopita, nikilinganisha. Kuna kuku analia nyuma, na mama anacheka kidogo, kama..." Alitafuta mfano. "Kama filimbi."

Mzee akaketi chini, juu ya maotea yenyewe, na miiba yake yote.

Yasmini akachukua simu. Alimwomba Vaileth amtajie jina la ile kazi, akaliandika, akasubiri mtandao wa Zinga ambao nao hutaka kubembelezwa. Alitaka akute hakuna, amfukuze mgeni. Lakini ipo.

"Mjomba, ipo. Ila hapa imeandikwa mia nne na kumi na tatu."

"Imeongezeka," alisema Vaileth. "Mimi nilihesabu juzi."

"Kwa hiyo jana," Mikdad alisema polepole, "au leo asubuhi mimi nikiwa hapa nachambua maotea, kuna mtu mahali kamfanya mke wangu aseme tena."

Akamgeukia binti.

"Yanarudishwaje?"

"Nini baba?"

"Maneno. Mbegu mbaya nikikuuzia unanirudishia. Haya yanarudishwaje?"

"Hayarudi," alisema binti. "Mia nne na kumi na tatu wameshaandika, vitabu viko kote. Isipokuwa mwenye kazi mwenyewe anaweza kutoa masahihisho. Akaandika kwamba pale niliposema hivi, ilikuwa hivi. Yanabandikwa kwenye ile kazi, kila anayeifungua anayaona."

"Na huyo Dokta, wakati anatafuta uprofesa, ataandika kwamba kakosea?"

Vaileth alichezea kifuniko cha kalamu. Alikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu, hilo hakulisema, ila Yasmini alilijua kwa jinsi alivyokuwa anaitazama ile fomu: kama mtu anayetazama sahani yake na ya mwenzake kwa wakati mmoja.

"Sijui baba. Mimi kazi yangu ni kuhesabu."

"Nilijua." Mikdad akainuka, akapangusa kanzu nyuma. "Wewe umetumwa uje na sahihi yangu. Niseme ndiyo, Mwaija alisema, utafiti umetuletea heri. Mke anishuhudie mimi, na mimi nimshuhudie mke, na Dokta apande juu yetu wawili. Toka kwangu."

"Mjomba," alisema Yasmini.

"Atoke."

"Mjomba, muhogo umeiva. Mgeni hatolewi na chungu kikiwa mekoni. Mama angefufuka."

Hapo ndipo Mikdad aliposimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, na kukumbuka.

Siku ile ya mahojiano yeye alikuwa shamba. Alirudi adhuhuri, akapishana njiani na kijana mwembamba mwenye kompyuta bapa, anakwenda mbio kama aliyefukuzwa na nyuki. Nyumbani akamkuta Mwaija amesimama mlangoni na sahani ya muhogo wa nazi mikononi, inafuka moshi. Akamwuliza, huyo nani? Mwaija akasema, mgeni, kaja kuuliza mambo ya zahanati. Nimemwambia asubiri chakula, kasema hawaruhusiwi kupokea kitu kwa mtu wanayemuuliza, hata maji. Nyumba ishirini kwa siku. Kaondoka na nusu.

Kaondoka na nusu. Mikdad alidhani anasema muhogo. Akala yeye ile sahani, na utamu wake akausifu.

Kwetu sisi mtu wa pwani hamwagii mgeni matatizo akiwa mlangoni. Ukiulizwa habari, unasema njema, hata kama maiti iko ndani. Kwanza njema, ndipo yafuate. Unamwambia mgeni si mbali, hatujambo, tunakwenda tu, huku unatazama jikoni kama chungu kimeiva. Mgeni anakunywa maji, anakula, anapumua. Akishanawa mkono ndipo unamwambia: sasa mwanangu, sikiliza. Hiyo ndiyo nusu ya pili, na ndiyo yenye habari. Wale vijana walikatazwa kula. Katika nyumba ishirini kwa siku, kwa siku kumi, walibeba salamu tupu wakazipeleka kwa Dokta, na Dokta akawapelekea wakubwa, na wakubwa wakaja na karatasi.

"Binti," alisema Mikdad, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Nyinyi bado mmekatazwa kula?"

"Ndiyo baba. Imo kwenye mwongozo. Eti tusije tukapendelea."

"Basi chagua. Ukila, nakwambia. Usipokula, utaondoka na nusu kama mwenzio, na sahihi huipati."

Vaileth aliwatazama wote wawili. Alitoka Bukoba, kwao pia mgeni hula, hilo halikuwa geni. Lakini mkataba nao ni mkataba. Akalifunga faili, akaliweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanyoosha mikono.

"Yasmini mdogo wangu, nipe maji ninawe."

Alikula muhogo wa nazi na dagaa, alikula vizuri, mpaka pilipili ikamtoa machozi akacheka. Yasmini akamwambia, hiyo ndiyo inayowaondoa wageni wa uongo. Mikdad hakula. Alimhesabia tonge, si kwa choyo, ila kuhakikisha kwamba hachezi mchezo wa kugusa na kuacha. Alipokwisha kunawa, mzee akasema:

"Sasa mwanangu, sikiliza."

Akamwambia. Kabati la nesi, sindano, benchi, saa mbili za baiskeli, kijito. Mkutano na karatasi. Alfajiri ya masika na lile gurudumu. Vaileth aliandika, akageuza fomu akaandika mgongoni, akaomba karatasi, Yasmini akamchania daftari la vipimo vya nguo. Kitu kimoja tu Mikdad hakukisema.

"Nisomee ulichoandika. Chote, tangu juu kabisa. Yasmini, wewe simama nyuma yake uone kama anaruka."

Vaileth akasoma. "Kaya nambari kumi na saba. Mkuu wa kaya, mwanamume, miaka sitini na moja. Hali ya huduma za afya kwa maoni ya mhojiwa: njema."

"Simama hapo." Mikdad aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Unaona? Si nilisema? Muhogo wangu haujashuka tumboni mwake, kashanichomekea. Nani kasema njema?"

"Wewe baba."

"Mimi?"

"Nilipoingia. Nilikuuliza huduma za hospitali mnaendeleaje, ukaniambia njema, alhamdulillahi. Ni swali la kwanza la fomu. Nikatia alama."

Mzee akamgeukia mpwa wake. Yasmini alikuwa anatazama mbuzi.

"Nilikuwa jikoni, mjomba. Nilikusikia."

Barabarani lori la mchanga likapita, likaisha. Mikdad akaketi tena, safari hii juu ya kigoda, akaweka mikono juu ya magoti. Mtu aliyezika mke kwa sababu ya neno moja, aliyeacha salamu za watu wawili kwa ajili ya neno hilo, kalitamka leo mwenyewe, asubuhi hii, akiwa na akili zake, kwa mtu aliyemshuku tangu barabarani. Na wala hakujisikia.

"Nitalifuta," alisema Vaileth. Kalamu ilikuwa tayari. "Hairuhusiwi kufuta jibu la kwanza, lakini nitalifuta."

"Usifute."

"Baba?"

"Ukifuta langu, la Mwaija litabaki peke yake. Ataonekana mjinga yeye tu." Akavuta pumzi. "Mimi nilimwapiza. Mkutanoni. Nilisema aliyesema hivyo Mungu amwonyeshe. Alikuwa amekaa pale, anajua ni yeye, anafunga fundo la kanga. Hakuniambia mpaka anaingia kaburini. Na watu waliitikia amina."

Yasmini alishika mdomo.

"Liache," alisema mzee. "Andika pembeni: hiyo ni salamu. Mtu wa huku ukimwuliza habari atakwambia njema, na yeye Mikdad kasema njema, na mkewe alisema njema. Jibu liko mgongoni mwa karatasi, baada ya chakula. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa jina lake. Hapo mmeandika mwanamke, miaka thelathini na tisa. Andika Mwaija binti Hamidu."

"Jina ndilo haliruhusiwi kabisa, baba. Wahojiwa tunawaficha majina. Ni kwa ajili ya kuwalinda."

"Kumlinda na nani?" Mikdad aliuliza bila kupandisha sauti. "Yule bwana angelitaja jina siku ile, ningemgeukia mke wangu nikamwuliza, ulisema nini, na kwa nini? Angenieleza. Tungesimama wawili tukasema, mliondoka na nusu, hii hapa nyingine. Mlimficha nani na nani? Mlimficha na mimi. Lete kalamu."

Akaichukua. Aliandika mwenyewe, nje ya visanduku vyote, kwa herufi kubwa za darasa la nne zinazopanda mlima: MWAIJA BT HAMIDU. Chini yake akaandika lake. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia.

"Piga picha," alimwambia Yasmini. "Mbele na nyuma, na karatasi ya daftari. Yeye ni binti mzuri, kala vizuri, lakini kule aendako ziko droo."

Vaileth hakukasirika. Alishika karatasi ya mwisho vizuri ipigwe picha bila kivuli.

"Nitaipeleka kama ilivyo," alisema.

"Umeshakula kwangu," alijibu Mikdad. "Ukinigeuka, muhogo utakuuliza."

Ijumaa iliyofuata Mikdad alipanda gari mpaka Miono, na kutoka pale akakodi pikipiki mpaka Kwa Dilunga. Alimpitia mmoja wa wale wanaume wawili, akamwambia assalamu alaykum, bila maelezo. Yule naye akaitikia, bila maelezo. Kaburini alikaa sana. Alisema, niliyoyasema mkutanoni nimeyarudisha, yangu yanarudi. Ya wenzangu waliosema amina nitawafuata mmoja mmoja. Akang'oa magugu.

Kila baada ya siku chache alimwambia Yasmini afungue simu. Mia nne na kumi na tano. Mia nne na kumi na nane. Masahihisho? Hakuna, mjomba. Mia nne na ishirini. "Wanakwenda mbio," alisema, "na zahanati bado popo wamelala." Hakutarajia kitu. Kwa uzoefu wake wakubwa wakiguswa na jambo hulitafutia jina jipya, na alikuwa anasubiri kusikia hili litaitwaje.

Wiki ya tano Vaileth alipiga. Yasmini akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

Mikdad akafungua kinywa, akakifumba. Yasmini akaanza kucheka kimya kimya.

"Sema kwanza zako," alisema mzee.

"Baba, mkataba wangu hawajauongeza. Hilo liache, ni langu. Fomu yako ilifika kwenye kamati pamoja na mgongo wake. Uprofesa wameusimamisha kwanza. Dokta Wilbrodi amesikiliza ile sauti upya, yote, mpaka pale ambapo mama anasema subiri chakula na kijana anasema hapana asante. Anataka kuja mwenyewe. Alhamisi. Anasema anaomba kukuuliza tena."

Mikdad alitazama uzio, mbuzi, kigoda. Inawezekana anakuja kutafuta sahihi nyingine ya kufunika hii. Inawezekana anakuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, na picha ya kupigwa wakishikana mikono. Mtu haachi kilele nusu njia kwa ajili ya mgane wa Zinga. Lazima lipo jambo nyuma yake.

"Anakuja na gari la chuo?"

"Nadhani, baba."

"Aliache barabarani. Na nyumba ishirini azifute siku hiyo, aje kwangu tu."

"Nitamwambia."

"Yasmini ataweka chungu tangu asubuhi. Mwambie aje na njaa."

Akamrudishia mpwa wake simu, akaenda kuchagua muhogo.